Chupa 38 bila kununua hata moja: shajara ya mradi wa bia ya nyumbani

Siku ya 1

Bia imo ndooni, lita 20, inatokota povu lake kimyakimya, na leo ndipo nimekumbuka kwamba sina pa kuitia. Mara mbili zilizopita niliazima chupa za rafiki. Safari hii naye kapika, chupa zake anazihitaji mwenyewe.

Nimeanza na hesabu. Chini ya ndoo yatabaki mashapo ya hamira na hopsi (maua yanayoipa bia uchungu), kama lita moja hivi, na sitayagombania. Zinabaki lita 19. Kwa chupa za nusu lita nahitaji 38. Kwa zile ndogo za mililita 330 nahitaji 58. Ukiwa umekaa kwenye kiti na kalamu mkononi, chupa 20 za ziada si kitu. Ukiwa umesimama mbele ya karai ni chupa 20 za kuloweka, kubandua lebo, kusugua, kusuuza na kubana vizibo. Kwa hiyo nusu lita kwanza, ndogo baadaye kama itabidi.

Sharti nililojiwekea ni kutonunua chupa tupu. Nimeziangalia zinazouzwa, na bei ya moja inakaribiana na ya chupa iliyojaa bia. Ukinunua iliyojaa unapata bia na chupa, ukinunua tupu unapata chupa na hewa. Pesa yangu itaenda kwenye vizibo vipya, dawa ya kuulia vijidudu na mipira ya chupa za klipu. Hivyo vitatu sitaki kuvifanyia ubahili.

Ila si kila chupa ya bure inafaa. Bia ya nyumbani hutiwa sukari kidogo siku ya kujaza, hamira iliyosalia huila na kutoa gesi, na gesi haina pa kwenda. Kwa kiwango cha kawaida cha bia, kwenye nyuzijoto 20, presha ndani ya chupa inakaribia baa 2 juu ya ile ya hewa ya nje. Ni karibu sawa na upepo unaotiwa kwenye tairi la gari dogo. Kesho nitakapookota chupa nataka picha hiyo iwe kichwani: nikiona chupa, najiuliza kama ningekubali kuijaza upepo wa tairi nikiwa nimeishika mkononi.

Siku ya 2

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami nimeinama kwelikweli: chini ya meza za sherehe, nyuma ya jiko la jirani, kwenye kona ya stoo ya shemeji. Shemeji kanikuta nimepiga magoti na mfuko. "Shemeji, siku hizi umeanza biashara ya chupa?" Nikamwambia ni za bia. Akasema basi nichukue zote, ila nisimsahau zikijaa.

Jumla ni 71. Nimezipanga sakafuni kwa makundi:

34 za kahawia, nusu lita, mdomo laini wa kizibo cha bati kinachong'olewa kwa opena. Hizi ndizo nilizokuwa nikiziwinda.
14 za kahawia zenye mdomo wa hesi, za kizibo cha kuzungusha kwa mkono.
9 za kijani, mililita 330.
4 nyeupe, mililita 330.
3 za klipu, zile zenye kizibo cha kauri, waya na mpira, nusu lita.
3 za shampeni.
4 za mvinyo na pombe kali.

Hizo nne za mwisho nimezitoa bila kufikiri mara mbili. Chupa ya mvinyo wa kawaida haikutengenezwa kubeba gesi, hata ikionekana nene na ya heshima. Na moja ya pombe kali ina umbo la mraba. Presha hupenda duara, kwa sababu duara husukumwa sawasawa pande zote. Ubavu bapa hujaribu kuvimba, na kioo hakijui kuvimba, kinajua kupasuka tu. Mitungi ya jamu yenye vifuniko vya hesi nayo iko kwenye kundi hilohilo, ingawa shemeji alinisisitizia sana nichukue mitungi yake sita.

Chupa za shampeni ni kinyume chake. Zilitengenezwa kubeba presha ya baa 6 hivi, kwa hiyo bia haiwezi kuzitisha. Tatizo lake ni mdomo. Kizibo cha kawaida cha bia kinatoshea mdomo wa milimita 26, na chupa nyingi za shampeni, hasa za Ulaya, zina mdomo wa milimita 29. Nimejaribu kuviweka vizibo juu ya zote tatu. Kwenye moja kimekaa vizuri. Kwenye mbili kimekaa juu kama kofia ya mtoto kwenye kichwa cha mtu mzima. Nimebakiza moja.

Siku ya 3

Leo kutwa nzima imekuwa ya zile 14 za mdomo wa hesi. Moyo unauma kuzitupa, maana ni za kahawia, ni safi, na zinazidi theluthi ya chupa zote ninazohitaji. Nimesikia watu wakiapa kwamba zinafaa na wengine wakiapa kwamba hazifai. Nikaona nipime mwenyewe badala ya kuchagua wa kumwamini.

Kwanza nieleze kizibo kinavyofanya kazi. Kizibo cha bati chenye meno pembeni kilibuniwa na William Painter, fundi wa Baltimore, Marekani, aliyepewa hataza yake mwaka 1892. Meno yalikuwa 24, siku hizi ni 21. Ndani kuna tabaka laini linalogandamizwa juu ya mdomo wa chupa, na meno yanapinda kwenda chini na kushika ukingo. Ukingo ukiwa laini na mnene, meno yanapata pa kung'ang'ania. Kwenye chupa ya hesi ukingo una mistari na mara nyingi kioo chake ni chembamba zaidi. Mashine ya kiwandani hubana kizibo laini kikafuata mistari hiyo. Mashine yangu ya mikono miwili hubana tu kwenda chini na kuomba Mungu.

Jaribio: chupa sita za hesi na sita za mdomo laini, zote nimezijaza maji baridi yenye gesi, nikazibana, nikazilaza ubavu juu ya karatasi mahali penye joto. Nitazifungua keshokutwa.

Siku ya 5

Matokeo. Za mdomo laini: sita kwa sita zimelia "psss" ya kuridhisha, karatasi kavu. Za hesi: mbili zimelowesha karatasi, moja imefunguka kwa sauti ya mtu anayeguna usingizini, tatu zimelia vizuri. Na moja kati ya hizo tatu imeacha punje ya kioo kwenye kizibo. Hiyo punje ndiyo iliyonipa uamuzi. Kuvuja nakuvumilia, kumpa mgeni kioo ndani ya bia hapana.

Zote 14 zinarudi stoo. Atakaye kuhifadhia mafuta ya kupikia aje achukue.

Siku ya 6

Rangi. Hapa watu hudhani ni urembo, kumbe ni kemia.

Uchungu wa bia unatokana na asidi za hopsi zinazobadilika umbo wakati wa kuchemsha. Bia pia ina riboflavini, ambayo ni vitamini B2. Mwanga unapoipiga riboflavini, hasa mwanga wa samawati na ule wa urujuani ambao jicho halioni, riboflavini hupokea nguvu hiyo na kuipitisha kwa asidi za hopsi. Kipande cha asidi humeguka, hukutana na salfa iliyomo kwenye bia, na kinachozaliwa ni kiwanja ambacho pua ya binadamu hukitambua kikiwa sehemu chache tu kwa trilioni. Harufu yake ni ya kicheche aliyeudhiwa. Hakihitaji wiki. Kwenye jua kali dakika zinatosha.

Kioo cha kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga wenye urefu wa wimbi ulio chini ya nanomita 500, na huo ndio wenye madhara. Cha kijani huachia mwingi kupita. Cheupe hakizuii kitu cha maana. Viwanda vingine vinavyouza bia kwenye chupa nyeupe hutumia dondoo la hopsi lililobadilishwa ili mwanga usiliharibu. Mimi sina dondoo hilo, nina hopsi za kawaida kwenye mfuko.

Je, nizitupe za kijani na nyeupe? Nimewaza, nikaona hapana. Chupa nyeupe ndani ya boksi lililofungwa, ndani ya kabati, haina shida yoyote, kwa sababu anayeharibu ni mwanga. Shida huanza siku unapomtolea mtu chupa mbili akazisahau mezani uani. Nimeamua kuweka moja ya kijani na moja nyeupe, kusudi nizijaribu juani baadaye, na zilizobaki zisubiri upishi mwingine.

Siku ya 7

Lebo. Kama kuna sehemu ya mradi huu inayolipwa kwa jasho ni hii, na ndiyo maana nacheka nikisema chupa ni za bure.

Nimejaza pipa maji ya moto ya kuvumilika mkononi, nikatia magadi ya kufulia, yaani sodiamu kaboneti, vijiko vikubwa vitatu kwa kila lita kumi, nikazizamisha chupa zote zikajaa maji hadi ndani. Glavu ni lazima. Magadi hayaunguzi papo hapo, lakini baada ya nusu saa vidole vinakuwa kama karatasi ya msasa.

Nimeziacha usiku kucha. Asubuhi lebo za karatasi kama 20 zilikuwa zinaelea zenyewe, gundi imeisha kabisa. Nyingine zilitoka kwa kusukumwa na kidole gumba. Zimebaki nane zenye lebo za plastiki zinazong'aa, ambazo magadi hayawezi kupenya. Hizo nimezijaza maji ya moto ndani ili gundi ilainike, nikaanza kubandua kona taratibu, kisha mabaki ya gundi nikayasugua kwa mafuta ya kupikia na baada yake sabuni. Inachukua kama dakika nne kwa chupa. Mara nyingine nikiokota, lebo ya plastiki itakuwa sababu tosha ya kuiacha chupa ilipo.

Jambo moja sikulitarajia: zilipokauka, chupa zilikuwa na utando mweupe. Ni maji magumu yakikutana na magadi. Nimesuuza kwa maji yenye siki kidogo, utando ukaondoka mara moja.

Siku ya 8

Ukaguzi wa chupa mojamoja. Tochi kwa chini, jicho kwa juu, kisha ukucha kuzunguka mdomo polepole. Ukucha ni mkali kuliko jicho. Chupa mbili zilikuwa na kipunje kimemeguka kwenye ukingo, kidogo kiasi kwamba sikukiona hata nilipoambiwa na kidole kipo wapi. Zimetoka. Nyingine ina ufa mdogo wenye umbo la nyota karibu na kitako, labda iligongwa na mwenzake kwenye kreti. Imetoka pia.

Katika kutazama ndani kwa tochi nimegundua pia chupa tano zenye duara la kuvu kavu chini kabisa, mahali ambapo mtu aliacha tone la bia miezi kadhaa iliyopita. Dawa ya kuulia vijidudu haiwezi kupenya uchafu uliogandamana, inaua vya juu tu. Nimezirudisha kwenye magadi kwa saa kadhaa, kisha brashi. Nne zimetakata mara ya kwanza. Ya tano nimeitia mchele mkavu kiganja kimoja na maji kidogo, nikaitikisa kama kayamba. Imekubali.

Halafu nikafanya upumbavu. Nilikuwa na birika la maji yanayochemka, nikaona nimalizie moja kwa kuimwagia ndani. Chupa ilikuwa ya baridi. Ililia "tak", kitako kikabaki kwenye sinki na mimi nikabaki nimeshika shingo. Kioo cha chupa hakipendi joto la ghafla: upande wa ndani unatanuka kabla wa nje haujapata habari. Wako wanaoua vijidudu kwa kuziweka chupa kwenye oveni, lakini wao huziingiza oveni ikiwa baridi, hupandisha joto polepole, na huziacha zipoe humohumo. Mimi sikufanya polepole.

Za kahawia sasa ni 30.

Siku ya 9

Ninapungukiwa. Thelathini za kahawia ni lita 15. Tatu za klipu ni lita moja na nusu. Shampeni moja, robo tatu ya lita. Ya kijani na nyeupe, kama theluthi mbili ya lita kwa pamoja. Jumla haijafika 18.

Kwa hiyo plastiki. Nilikuwa nimeidharau, na sasa nimebadilika kidogo. Chupa ya plastiki ya soda ilitengenezwa kubeba gesi nyingi kuliko ya bia yangu, haivunjiki ikianguka, kizibo chake ni chake, na ikizidiwa na presha haimwagi vipande vya kioo. Tena ina faida moja ambayo kioo hakina: unaweza kuibinya. Siku ya kujaza inabinyika, gesi ikikamilika inakuwa ngumu kama chupa ya soda dukani. Ni kipimo cha presha cha bure.

Kasoro yake ni kwamba plastiki hupumua. Oksijeni huingia pole pole, gesi hutoka pole pole. Kwa bia ya kunywewa ndani ya wiki chache hilo si neno. Kwa bia ya kukaa miezi ni kasoro kubwa. Chupa ya maji ya kunywa isiyo na gesi siyo mbadala, hiyo ni nyembamba na ikivimba kitako haisimami tena. Halafu plastiki haisuguliwi kwa brashi, maana mikwaruzo huwa vyumba vya bakteria, na haimwagiwi maji ya moto sana, itajikunja. Na unusie kwanza: iliyokuwa na soda ya tangawizi itaendelea kuwa na tangawizi.

Nimeweka mbili za nusu lita. Sasa tuko karibu na 19.

Siku ya 10

Mipira ya chupa za klipu. Kati ya mitatu, miwili imepasuka na kukakamaa, nimebadilisha. Wa tatu unaonekana mzima. Nimeuacha.

Siku ya 14

Haidromita, kifaa kinachoonyesha sukari iliyobaki kwenye bia: 1.012. Siku ya 11 ilikuwa 1.012 vilevile. Bia imetulia.

Huenda mtu akauliza haya yanahusiana nini na kuchagua chupa. Yanahusiana kuliko kitu chochote. Chupa nzuri kupita zote haiwezi kuokoa bia iliyofungwa mapema. Gesi kwenye bia huhesabiwa kwa ujazo: ujazo mmoja ni lita moja ya gesi ya kaboni iliyoyeyuka katika lita moja ya bia. Ninataka 2.4. Bia iliyochacha kwenye nyuzijoto 20 tayari inabaki na kama 0.85 yenyewe, kwa hiyo nahitaji kuongeza 1.55. Gramu 4 za sukari ya mezani kwa lita hutoa ujazo mmoja hivi. Inakuja gramu 6 kwa lita, mara 19, gramu 114.

Sasa tuseme ningefunga bia ikiwa 1.016, kwa haraka. Kila pointi moja (yaani 0.001 kwenye haidromita) iliyobaki, ikija kuliwa ndani ya chupa, huongeza karibu nusu ujazo. Pointi nne ni ujazo mbili. Ningekuwa na 4.4. Chupa ya shampeni ingevumilia, za kahawia zilizookotwa ambazo sijui zimegongwa mara ngapi maishani sidhani. Chupa nyingi zinazosemwa ni mbovu zilikuwa nzima, waliozijaza ndio hawakusubiri.

Siku ya 15

Siku ya kujaza. Sukari gramu 114 nimeipima kwa mizani, si kwa kikombe, nikaichemsha kwenye mililita 300 za maji, ikapoa, ikatangulia kwenye ndoo ya pili. Bia nimeivuta kwa mpira juu yake bila kurusha matone, nikakoroga mara chache kwa mwiko uliopita kwenye dawa. Sukari isipochanganyika sawasawa, chupa moja inakuwa maji na nyingine bomu.

Dawa ni ile ya asidi isiyohitaji kusuuzwa, mililita moja na nusu kwa lita ya maji. Kila chupa imekaa nayo dakika mbili, kisha imeinamishwa ichuruzike. Povu likibaki ndani haliharibu kitu, ingawa mara ya kwanza nilipoliona nilitaka kulia.

Mpira unafika hadi chini ya chupa ili bia ipande taratibu bila kuchukua hewa. Nimeacha nafasi ya sentimita mbili na nusu juu. Kujaza hadi mdomoni hakusaidii, na nafasi kubwa mno inamaanisha hewa nyingi. Vizibo nimeviweka juu tu bila kubana kwa dakika chache, bia ikasukuma hewa nje, ndipo nikabana.

Zilizojaa: 30 za kahawia, 3 za klipu, 2 za plastiki, 1 ya shampeni, 1 ya kijani, 1 nyeupe. Thelathini na nane. Hesabu ya siku ya 1 ilikuwa hiyohiyo, kwa njia tofauti kabisa. Zimeingia kwenye maboksi yenye vifuniko, maboksi kabatini, nyuzijoto 21. Kifuniko ni kwa ajili ya mwanga, na pia kwa ajili ya siku ambayo moja itaamua kupasuka, ili isiwachukue na majirani zake.

Za plastiki nilizibinya hewa ikatoka kabla ya kufunga vizibo. Zinaonekana kama zimepigwa ngumi.

Siku ya 19

Za plastiki zimenyooka zenyewe. Bado zinabinyika kidogo.

Siku ya 23

Ngumu kama jiwe. Kioo hakisemi kitu, lakini plastiki imesema kwa niaba ya wote.

Siku ya 29

Wiki mbili kamili. Nimefungua nne: ya kahawia, ya plastiki, na mbili za klipu.

Ya kahawia: povu zuri, limekaa. Ya plastiki: sawa kabisa, nimezionja nikiwa nimefumba macho na sikuweza kuzitofautisha. Ya klipu yenye mpira mpya: sawa. Ya klipu yenye mpira ambao "unaonekana mzima": chai baridi. Gesi yote imekwenda zake, pole pole, kila siku kidogo. Mpira ni kitu kidogo kuliko vyote kwenye orodha yangu na ndicho nilichokifanyia ubahili nilioapa sitaufanya. Kwenye chupa za klipu mpira utakuwa mpya au chupa haitajazwa.

Siku ya 36

Jaribio la jua. Chupa tatu, ya kahawia, ya kijani na nyeupe, zimekaa dirishani kwenye jua la mchana kwa muda wa saa mbili. Nimezipoza, na shemeji ndiye aliyemimina kwenye glasi zenye namba ili mimi nisijue ipi ni ipi.

Namba 2 niliijua kabla haijafika puani. Kicheche kamili. Namba 3 ilikuwa na harufu hiyohiyo, dhaifu zaidi, ila ukishaijua huwezi kuipuuza. Namba 1 ilikuwa bia. Namba 2 ni nyeupe, 3 ni ya kijani. Shemeji aliionja nyeupe akasema haina ubaya wowote, akaimaliza. Kila mtu na pua yake.

Kwangu, nyeupe hazitaingia tena. Za kijani zitaingia nikipungukiwa, na hazitatoka kabatini mpaka glasi iwe mezani.

Siku ya 75

Nimefungua ya plastiki ya mwisho sambamba na ya kahawia. Leo hazifanani. Ya plastiki ina gesi kidogo, rangi imekolea kidogo, na nyuma ya ulimi kuna ladha ya karatasi iliyolowa, alama ya oksijeni. Ya kahawia imezidi kuwa nzuri. Basi plastiki itakuwa ya wiki sita za kwanza, chupa mbili tu kila upishi, kama kipimo cha presha, na zinywewe mapema.

Ya shampeni bado sijaigusa. Nangoja sababu.

Kuhusu kazi ya lebo: haitarudiwa. Tangu siku ya 29 kila chupa inayomiminwa inasuuzwa palepale mara tatu, inakaguliwa kwa tochi, inaning'inizwa kichwa chini, ikikauka inafunikwa mdomo kwa karatasi ya alumini. Inachukua nusu dakika. Upishi ujao chupa hizi zitahitaji dawa tu.

Hesabu ya leo: kati ya 30 za kahawia, 19 ni tupu na safi, 4 zimejaa, 7 nilizitoa kwa watu kwa ahadi ya kurudishiwa. Tano zimerudi, mbili kati yake na vizibo vikiwa vimerudishiwa juu kwa nyundo, sijui kwa nini. Mbili zilizobaki ziko kwa shemeji. Nimemuuliza. Anasema zinamfaa sana kwa asali, na zaidi ya hayo zilitoka stoo kwake.